Utando Mwembamba Juu ya Kioo

Kioo ni kitu kilichozoeleka sana. Kimo madirishani, kimo katika miwani ya wazee, kimo katika taa na katika kamera. Kwa kuwa twaona vitu vya upande wa pili bila kizuizi, watu wengi hudhani ya kuwa kioo safi hupitisha nuru yote inayokiangukia. Sivyo. Usiku simama ndani ya nyumba mbele ya dirisha la kioo, ukishika mshumaa, nawe utauona mshumaa ule ndani ya kioo. Ukiutazama kwa upande utaona mishumaa miwili, mmoja nyuma ya mwenziwe kidogo. Wa kwanza warudishwa na uso wa mbele wa kioo, na wa pili warudishwa na uso wa nyuma. Kila uso mmoja hurudisha kadiri ya sehemu 4 katika 100 za nuru iliyoufikia.

Sehemu nne si kitu kwa dirisha. Lakini darubini nzuri au kamera nzuri haina kioo kimoja. Ina lenzi nyingi zilizopangwa moja mbele ya nyingine. Tuseme ina lenzi sita zilizotengana. Hizo zina nyuso 12, na kila uso hupitisha sehemu 96 tu katika 100. Mwalimu akiwapa wanafunzi wake hesabu hii, yaani kuzidisha 0.96 kwa yenyewe hata mara 12, watapata ya kuwa sehemu 61 tu ndizo zinazofika mwisho. Nyingine 39 zimepotea njiani. Tena baya zaidi ni kwamba nuru ile iliyorudishwa haiendi zake kimya kimya, bali hurukaruka kati ya lenzi na kuangukia picha kama ukungu, hata cheusi kikaonekana kijivu. Kwa sababu hiyo mafundi wa karne ya kumi na tisa waliogopa kuongeza lenzi, ingawa walijua ya kuwa lenzi nyingi zingerekebisha makosa ya picha.

Leo hasara hiyo imeondolewa karibu yote kwa utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo. Nataka kueleza jinsi watu walivyoupata utando huo, na hasa ule utengenezwao kwa maji ya dawa yanayoganda, kwani habari zake zina ajabu moja. Maarifa yote yaliyohitajiwa yalikuwa yamekwisha kuonekana vipande vipande tangu zamani. Walakini vilikaa mbalimbali zaidi ya miaka mia, wala hapakuwa na mtu wa kuviunganisha.

Kipande cha kwanza kiliokotwa na Joseph von Fraunhofer. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1787 katika mji wa Straubing, nchi ya Bavaria, akafiwa na wazazi wake angali mtoto. Akapelekwa mjini Munich kujifunza kazi kwa fundi wa vioo. Mwaka 1801 nyumba ya fundi huyo ilianguka, na kijana Joseph akafukiwa chini ya kifusi. Walipomtoa akiwa hai, mtawala wa nchi, Maximilian Joseph, alikuwapo akitazama. Akamhurumia, akampa fedha, na kwa fedha hiyo kijana akaweza kujikomboa katika utumishi wa fundi wake na kujinunulia vyombo vya kazi. Baadaye akawa fundi mkuu wa vioo vya darubini katika karakana ya Benediktbeuern, na sifa zake zikaenea Ulaya yote.

Mwaka 1817 Fraunhofer alikuwa akijaribu vioo vyake kwa asidi kali, apate kujua ni vipi vitakavyostahimili hewa na unyevu bila kuharibika. Asidi ilipokula uso wa kioo na kuacha doa la rangi, aliona jambo asilolitazamia: mahali pale palipoharibika palirudisha nuru kidogo kuliko mahali palipo pazima. Akaliandika, kisha akaendelea na kazi zake nyingine. Akafa mwaka 1826, umri wake miaka 39, wala jambo lile halikufuatwa.

Mwaka 1886 mtaalamu wa Kiingereza, Lord Rayleigh, alipima nuru inayorudishwa na vioo, akaona ya kuwa kioo kilichokaa muda mrefu hurudisha nuru kidogo kuliko kilichong'arishwa upya. Miaka sita baadaye, mwaka 1892, Harold Dennis Taylor, fundi wa lenzi katika mji wa York, aliona lile lile. Lenzi zilizofanya ukungu kwa uzee, ambazo wenyewe walizihesabu kuwa zimeharibika, zilipitisha nuru nyingi kupita lenzi mpya. Taylor hakuliacha jambo hilo lipite. Akajaribu kuzizeesha lenzi kwa makusudi kwa dawa, na mwaka 1904 akapewa hati ya kuilinda njia yake. Lakini kila namna ya kioo ilikubali dawa kwa njia yake, hata kazi ikawa ya kubahatisha, na fundi mwenye lenzi ya thamani hapendi kubahatisha.

Hapa msomaji atauliza, Yawezekanaje kioo kilichochafuka kipitishe nuru kuliko kilicho safi? Jibu ni hili. Nuru huenda kwa mawimbi, kama maji ya bahari. Utando ukiwapo juu ya kioo, nuru hurudishwa mara mbili: sehemu moja yarudi kutoka uso wa juu wa utando, na sehemu nyingine yarudi kutoka chini, pale utando unaposhikana na kioo. Hii ya pili imekwenda safari ndefu zaidi, kwani imeshuka na kupanda. Basi, unene wa utando ukiwa robo ya urefu wa wimbi la nuru ndani yake, safari hiyo ya kushuka na kupanda ni nusu ya wimbi. Ndipo kilele cha wimbi moja kinapokutana na bonde la wimbi jingine, yote mawili yakauana. Wala nuru haikupotea. Isiporudi nyuma, haina budi kupita mbele. Mafuta ya taa yakimwagika juu ya maji huonyesha rangi za upinde wa mvua kwa sababu iyo hiyo, maana mahali pengine unene wake wafuta rangi moja, na mahali pengine wafuta rangi nyingine.

Lakini unene peke yake hautoshi. Ili mawimbi mawili yauane kabisa sharti yawe na nguvu sawa, na kwa hiyo utando lazima uwe wa namna iliyo kati ya hewa na kioo. Wataalamu hupima kwa hesabu jinsi kitu kinavyoipinda nuru: hewa hupewa 1, na kioo cha kawaida 1.5. Hesabu hutuambia ya kuwa utando ufaao ni wa 1.22. Na hapo ndipo penye shida, kwa maana karibu hakuna kitu kigumu chenye kipimo hicho. Hata silika, ambayo ni kiini cha mchanga mweupe, ina 1.46. Njia iliyopo ni kuifanya silika iwe na vitundu vidogo mno vilivyojaa hewa, kama sifongo, ili kipimo chake kishuke. Ndiyo kazi iliyofanywa na uzee katika zile lenzi za Taylor: unyevu ulikuwa umenyonya sehemu nyingine za kioo, ukaacha silika yenye vitundu.

Sasa twende Ufaransa tukaokote kipande cha pili. Jacques-Joseph Ebelmen, aliyezaliwa mwaka 1814, alikuwa mtaalamu wa kemia, na tangu mwaka 1847 alikuwa mkuu wa kiwanda cha vyombo vya kauri cha Sèvres. Katika miaka ya 1840 alichanganya dawa moja ya silika na spiriti, akapata maji mepesi, maangavu, yenye harufu. Alipoyaacha mahali penye hewa ya unyevu, maji yale hayakukauka kama yakaukavyo maji mengine. Yaliganda polepole kwa muda mrefu, na mwisho wake yakawa kitu kigumu kipenyacho nuru, mfano wa kioo. Nacho hakikupita katika moto wa tanuru hata kidogo. Ebelmen alitambua ya kuwa jambo hilo lingeweza kuwafaa watengenezaji wa vyombo vya kutazamia. Lakini kungoja kulikuwa kurefu, na vipande vilikuwa vidogo, vyepesi kupasuka. Akafa mwaka 1852 akiwa na miaka 37.

Kipande cha tatu kilitoka kwa Thomas Graham, mtu wa Glasgow, aliyekuwa pia mkuu wa kiwanda cha fedha cha serikali ya Uingereza tangu mwaka 1855 mpaka kufa kwake mwaka 1869. Mwaka 1861 alieleza ya kuwa kuna vitu ambavyo ndani ya maji haviyeyuki kama chumvi, bali hukaa kama chembe ndogo ndogo mno, navyo hupita kwa shida katika ngozi nyembamba. Akavipa jina kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya gundi. Mwaka 1864 akatumia majina mawili ambayo wataalamu wanayo hata leo: soli, yaani maji yenye chembe hizo zikiwa huru, na jeli, yaani chembe hizo zikiisha kushikana mikono na kuyafunga maji ndani yake. Apikaye uji wa wanga aijua habari hii. Ukiwa wa moto humiminika. Ukipoa hushikana, hata ukiinamisha bakuli haumwagiki, ingawa maji hayakutoka. Tofauti ni hii: uji ukipashwa moto tena hulegea, bali jeli ya silika ikiisha kushikana hairudi.

Haya, vipande vitatu vilikuwapo. Fraunhofer na Taylor walijua ya kuwa utando hupunguza nuru inayorudi. Ebelmen alijua kufanya kioo kutoka katika maji bila tanuru. Graham alijua jinsi maji hayo yanavyoganda. Kwa nini basi hapakuwa na mtu wa kuyachovya maarifa haya pamoja?

Naona sababu tatu. Ya kwanza, wenye maarifa hayo walikaa nyumba mbalimbali. Mafundi wa lenzi hawakusoma vitabu vya wataalamu wa kemia, wala wataalamu wa kemia hawakujua dhiki za mafundi wa lenzi. Ya pili, kila mmoja alikitazama kitu chake kwa jina alilokizoea. Ukungu wa lenzi uliitwa uharibifu, na aliyeuona alitafuta kitambaa cha kuufuta. Jeli iliitwa takataka iliyoganda chini ya chupa, na aliyeiona alitafuta namna ya kuosha chupa. Ya tatu, nayo labda ndiyo kubwa, haja ilikuwa haijawa kali. Darubini ya lenzi mbili yaweza kuvumilia hasara. Kamera yenye nyuso kumi na mbili haiwezi. Haja ilipozidi, katika miaka ya 1930, njia zilifunguka karibu pamoja.

Mwaka 1935 Alexander Smakula, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Zeiss mjini Jena, alipata njia ya kuweka utando ndani ya chombo kilichotolewa hewa. Dawa hupashwa moto humo mpaka iwe mvuke, na mvuke huo hutua juu ya lenzi. Njia hii ilifaa sana, na kwa muda ilifichwa kama siri ya vita. Huko Marekani, Katharine Blodgett, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa fizikia katika chuo cha Cambridge, alitandaza juu ya kioo tabaka 44 za namna ya sabuni, kila tabaka unene wa molekuli moja. Mwezi wa Desemba 1938 habari ilitangazwa ya kioo kisichoonekana. Lakini utando wake ulikuwa laini, na kitambaa kiliweza kuufuta.

Kisha mwezi wa Mei 1939, wataalamu wawili wa kiwanda cha vioo cha Schott mjini Jena, Walter Geffcken na Edwin Berger, waliomba hati ya njia nyingine. Hawakuhitaji chombo kisicho na hewa. Walichukua maji ya dawa ya jamii ile aliyoijua Ebelmen, wakachovya kioo ndani yake, wakakivuta juu polepole kwa mwendo usiobadilika. Kioo hutoka na ngozi nyembamba ya maji. Spiriti huruka hewani, unyevu wa hewa huigeuza dawa, chembe hushikana na kuwa jeli. Halafu kioo hutiwa katika joku la moto wa kadiri, digrii 400 au 500, nayo jeli hushikamana na kioo ikawa ngumu. Mwendo wa kuvuta ndio upimao unene: ukivuta haraka utando huwa mnene, ukivuta polepole huwa mwembamba. Na jambo la kungoja lililomshinda Ebelmen likatoweka, kwa maana kipande kinene hungojewa kwa majuma mengi, bali utando hukauka kwa dakika chache.

Tena utando haupasuki kama kipande kinene. Tazama tope la bwawa linapokauka. Penye tope jingi hufanya nyufa pana, kwa sababu hujikunja likipoteza maji. Lakini tope lililopakwa jembamba sana juu ya jiwe hukauka likabaki zima, likishikwa na jiwe. Utando wa kioo ni vivyo hivyo. Ukigawanya milimita moja katika sehemu elfu kumi, unene wake ni kama sehemu moja tu au kupita kidogo.

Lakini mwaka ule wa 1939, mwezi wa Septemba, vita vikaanza, na akili za mafundi zikavutwa kwenye darubini za askari na za vyombo vya chini ya bahari. Hata mwaka 1945 majeshi ya Marekani yaliingia Jena, yakajua ya kuwa mji huo utakabidhiwa kwa Warusi. Kabla ya kuondoka wakachukua watu 41 wa kiwanda cha Schott pamoja na jamaa zao, wakawapeleka upande wa magharibi. Watu hao walianza upya, na mwaka 1952 kiwanda kipya kikafunguliwa katika mji wa Mainz. Waliobaki Jena na waliohamia Mainz wakawa katika nchi mbili, mpaka Ujerumani ilipoungana tena mwaka 1990. Hivyo kazi iliyozaliwa katika karakana moja iligawanywa kama urithi wa ndugu waliokosana, ingawa ndugu wenyewe hawakukosana.

Huko Mainz njia ya kuchovya ikapata kuwa kazi ya kiwanda. Tangu mwaka 1953 walitengeneza kwayo vioo vya motokaa vya kutazamia nyuma, wakitumia silika pamoja na oksidi ya madini ya titani. Hapa makusudi yalikuwa kinyume, yaani kuongeza nuru inayorudi; kwa kuwa ukibadili unene na dawa, utando ule ule hufuta au hukuza. Katika miaka ya 1960 wakafuata na vioo visivyong'aa, na vioo vya madirisha vizuiavyo joto la jua. Kioo kikubwa kama mlango huchovywa kwa urahisi, maana lahitajiwa birika tu. Lakini kukiweka ndani ya chombo kisicho na hewa ni gharama nyingi.

Mwaka 1968 Werner Stöber na wenzake wawili waliandika jinsi ya kufanya chembe za silika zilizo mviringo, zote za ukubwa mmoja, kwa kutumia amonia mahali pa asidi. Chembe hizo zikipangwa juu ya kioo huacha nafasi za hewa katikati yake, kama machungwa ndani ya kikapu. Kumbuka kile kipimo cha 1.22 kilichokosekana: hapa kilipatikana. Mwaka 1986 Ian Thomas, wa maabara ya Livermore katika California, alieleza utando wa namna hiyo kwa ajili ya leza kubwa. Tando nyingine ziliungua kwa ukali wa nuru ile, bali silika hii iliyo safi ilistahimili. Ni laini, hata kidole chaweza kuifuta, kama utando wa Bi Blodgett. Lakini ndani ya mashine hiyo hakuna kidole cha kuigusa. Katika maabara iyo hiyo, leza yenye miali 192 ilitumia tando hizo, na tarehe 5 Desemba 2022 kwa mara ya kwanza moto wa kuunganisha atomi ulitoa nguvu zaidi ya ile iliyotiwa kwa leza: megajuli 3.15 kwa 2.05.

Msomaji asidhani ya kuwa mambo haya ni ya mbali tu. Vioo vinavyofunika paneli za sola, ambazo leo zimo juu ya mapaa ya vijiji vyetu, vingi vimepakwa silika yenye vitundu kwa maji ya dawa, kisha utando ukaokwa pamoja na kioo chenyewe mpaka ukawa mgumu wa kustahimili mvua na vumbi. Faida yake ni sehemu mbili au tatu katika mia. Ni kidogo, lakini hupatikana kila siku jua lichomozapo, kwa miaka ishirini na zaidi, bila kuongeza waya wala kuongeza paneli. Kwa sababu hiyo yafaa kuosha paneli kwa maji safi na kitambaa laini, wala si kwa mchanga, majivu au steli wulu, kwa kuwa aisuguaye hivyo huuondoa utando asiouona.

Mwalimu akitaka kuwaonyesha wanafunzi, achukue kipande cha kioo cha dirisha, akilaze kando ya paneli yenye utando, na wote watazame mbingu katika vioo hivyo viwili. Katika kile cha dirisha mawingu yataonekana wazi, na katika kile cha pili yatakuwa hafifu. Kisha awaulize ni kipi kilicho kizuri zaidi. Wengi watachagua kile king'aacho, kama walivyofanya wenye lenzi za zamani. Na hapo atakuwa na mahali pazuri pa kuanzia somo lake.